Mkoa wa Nani? Jinsi Wafadhili Walivyogawana Maji ya Vijijini

Nitajie mkoa, nami nitakutajia nchi iliyochimba visima vyake katika miaka ya 1970 na 1980. Mtwara na Lindi walikuwa Wafini. Ruvuma, Iringa na Mbeya walikuwa Wadenishi. Mwanza, Mara na Kagera walikuwa Waswidi. Rukwa na Kigoma, Wanorwei. Shinyanga, na baadaye Morogoro, Waholanzi. Tanga ulikuwa mkoa wa Wajerumani wa Magharibi, Kilimanjaro wakaja Wajapani, na Arusha wakapita Wamarekani kwa muda. Sisi mafundi wa maji tulipokutana kwenye semina Dar es Salaam hatukuulizana, "Uko mkoa gani?" Tuliulizana, "Uko kwa nani siku hizi?" Jibu lilieleza mengi: gari utakalopanda, posho ya kulala nje, aina ya pampu utakayofunga, hata kama ofisini kwenu kuna karatasi.

Nilisomea ufundi sanifu Chuo cha Maji, Ubungo, nikafanya kazi kusini na baadaye Kanda ya Ziwa hadi nilipostaafu. Vijijini jina langu lilikuwa Bwana Maji, kama wenzangu walivyokuwa Bwana Shamba na Bwana Afya. Ninaandika haya kwa sababu vijana wanaoajiriwa leo wanakuta mabomba yaliyokufa, matanki yaliyopasuka na pampu za kila namna, na hawajui kwa nini kijiji kimoja kina hiki na cha jirani kina kile. Wengi wanadhani ni bahati, au ni mbunge. Ni historia, na ina tarehe zake.

Serikali ilikuwa imeahidi jambo kubwa. Kuanzia 1965 ilibeba yenyewe gharama yote ya kujenga miradi ya maji vijijini, na kufikia 1970 ikabeba hata gharama ya kuiendesha. Maji yakawa bure. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Mamilioni ya watu wakahamia vijiji vipya, na vingi vilipangwa kufuata barabara, si kufuata chemchemi. Ahadi ilikuwa nzito tangu mwanzo. Sasa ikaizidi kabisa Hazina.

Hapo ndipo wageni wanapoingia, na lazima nieleze kwa nini walikuwa wengi namna ile. Azimio la Arusha la 1967 lilionya juu ya kutegemea fedha za nje, na onyo lile lilikuja baada ya maumivu ya kweli. Mwaka 1965 Tanzania iligombana na Ujerumani Magharibi kwa sababu Wajerumani Mashariki walikuwa wameruhusiwa kuwa na ofisi ya kibalozi. Serikali ya Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na uliobaki. Mwishoni mwa mwaka huohuo nchi ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Viongozi wakashika somo moja: usimtegemee mmoja. Wakaalikwa wengi. Wachina wakaja kujenga reli ya TAZARA. Nchi za Nordiki, ambazo zilikwishajenga kituo cha elimu cha Kibaha na kukikabidhi kwa serikali mwaka 1970, zikawa marafiki wa karibu. Uswidi ilikuwa ikichangia maji ya vijijini tangu 1965, tena kwa nchi nzima, kabla haijajikita kwenye mikoa mitatu ya Ziwa.

Mgawanyo kwa mikoa ulitokana na jambo la nyumbani. Mwaka 1972 serikali ilipeleka madaraka mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Halmashauri za wilaya zikafutwa. Mkoa ukawa na Mkurugenzi wake wa Maendeleo, bajeti yake na mipango yake. Kila mkoa ukatakiwa kuwa na mpango wa pamoja wa maendeleo, ule tuliouita RIDEP, na pia mpango kabambe wa maji: utafiti wa mito yote, visima vyote, vijiji vyote, na gharama ya kufikisha maji kila mahali. Wataalamu wa kuandika mambo hayo kwa mikoa 20 hawakuwapo. Basi mfadhili akakabidhiwa mkoa, aje na wahandisi wake. Kampuni ya Finnwater ikaandika mpango wa Mtwara na Lindi kati ya 1974 na 1977. Waholanzi wakaanza visima vifupi Shinyanga mwaka 1974, wakahamishia ujuzi huo Morogoro mwaka 1978. Wadenishi wakamaliza mipango ya Iringa, Ruvuma na Mbeya mwaka 1982. Aliyeandika mpango ndiye aliyetoa fedha za kuutekeleza. Ramani ile ilijaa hivyo, mkataba kwa mkataba.

Siwalaumu waliofanya vile. Ukiwa na vijiji maelfu na wahandisi wachache, kumpa mtu mmoja eneo moja na kumwambia "hili ni lako, lishughulikie" ni njia ya haraka ya kupata kazi. Na kazi ilifanyika, mimi ni shahidi. Nimeona kijiji kikipata maji kwa mara ya kwanza, nimeona akina mama wakiacha safari za alfajiri. Lakini matokeo yake ni kwamba msaada uliingia nchini kwa mipaka ya mikoa, na mipaka hiyo ilichorwa kwa ajili ya utawala. Kiu haikuwamo katika hesabu ile.

Mto Lumesule unaonyesha jambo hili vizuri. Unapotoka Masasi kwenda Tunduru, ukishapita Mangaka, unauvuka. Ng'ambo hii ni Mkoa wa Mtwara, ng'ambo ile ni Mkoa wa Ruvuma. Watu ni walewale, Wayao na Wamakua, wameoana, wanazikana. Kiangazi mto hukauka ukabaki mchanga, na akina mama wa pande zote mbili huchimba vishimo katika mchanga uleule, wakikinga maji kwa kata hadi ndoo ijae. Niliwahi kupiga kambi karibu na hapo upande wa Mtwara tukichimba visima vifupi. Vifaa vyetu vilikuwa vya kuzungushwa kwa mkono, wanaume wanne au sita wakizunguka mhimili, mtu mmoja ameketi juu kuongeza uzito, udongo unapanda kidogo kidogo, mwekundu, kisha wa kijivu, kisha umelowa. Alasiri moja akaja mzee kutoka ng'ambo, amevaa kanzu na kofia, amefuatana na mwenyekiti wa kijiji chake. Alitazama kazi kwa muda mrefu. Kisha akaniomba, kwa adabu sana, tukimaliza pale tusogee kwao, si mbali, na vijana wa kuzungusha wapo.

Nikamweleza kwamba mafuta, mabomba na malipo ya vibarua vyote viliandikwa kwa ajili ya Mkoa wa Mtwara, na kwamba kwao kulikuwa na mpango mwingine, wa wafadhili wengine, wenye ratiba yake.

"Bwana Maji," akasema, "mto wenyewe hauna maji. Unashindwaje kuuvuka?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima kama yule. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Upande wa pili ulikuwa na mpango kabambe wake, na ni mpango mzuri, nimeusoma. Ila kijiji chake kilikuwa mwisho wa Tunduru, Tunduru ni mwisho wa Ruvuma, na barabara ya kutoka Songea wakati wa masika ilikuwa tope tupu. Sisi tulikuwa umbali wa kutembea.

Ndani ya mkoa nako kulikuwa na mgawanyo, na hapa maumbile yalisema kabla ya mtu. Visima vifupi vya pampu ya mkono vinafaa pale maji yalipo karibu. Kwenye mabonde ya Masasi na Lindi uliweza kuyapata kwa mita chache. Juu ya Uwanda wa Makonde, Newala na ile ambayo leo ni Tandahimba, maji yako chini mno. Wazee wa huko walijenga mabirika ya saruji kando ya nyumba za bati, wakavuna mvua, na birika likiisha wakateremka bondeni au wakanunua kwa ndoo. Mradi mkubwa wa uwanda ule ulianza tangu enzi ya Waingereza. Maji yanatoka visimani kule Mitema, yanasukumwa kupanda mlima kwa mitambo. Mtambo unahitaji nguvu, na nguvu ni fedha kila siku inayokuja. Kwa hiyo palipo na shida kubwa zaidi ndipo msaada ulipogharimu zaidi na kudumu kidogo. Mfadhili anayehesabu visima kwa mwaka atapenda bonde, na ripoti yake itapendeza.

Dizeli ilituumbua nchi nzima. Bei ya mafuta ilipanda 1979, mwaka huohuo tulikuwa tunamalizia vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka. Vijiji vingi vilikuwa na mashine za Lister ndani ya vibanda vya matofali, mashine imara sana zile, ukiipa mafuta na oili inapiga mzigo miaka mingi. Zilinyamaza kwa kukosa pipa moja la dizeli. Mlinzi wa mashine aliendelea kulipwa, akaendelea kufagia kibanda. Wadenishi waliliona hilo mapema na nyanda zao za juu zikawaruhusu. Iringa, Mbeya na milima ya Ruvuma ina vijito vya juu, wakajenga banio mlimani na kuyaleta maji kwa mserereko, bila mashine wala mafuta. Ninakiri bila kinyongo kwamba miradi mingi iliyosimama muda mrefu niliyoiona maishani mwangu ni ya mserereko. Lakini huwezi kuipeleka Shinyanga milima ya Njombe.

Sasa nije kwenye pampu, maana hapa ndipo mgawanyo ule uliacha kovu lisilopona upesi. Mtwara na Lindi tulifunga Nira, pampu ya Kifini. Ile ya kuvuta kwa mpini wenye umbo la herufi T nilipenda kuifundisha. Unafungua kichwa kwa spana, unashika mpini, unavuta juu bomba jepesi la plastiki lote mpaka nje, na chini kabisa unakuta valvu na mpira wake. Wanawake wawili wa kamati ya maji wanaweza kuifungua na kuifunga bila fundi. Mpira wenyewe haujazi kiganja. Ukichakaa, maji yanarudi chini kabla hayajafika mdomoni, mtoto anapampu mpaka anachoka, kisha watu wanarudi kwenye dimbwi. Kisima kizima, saruji, mabomba, jasho la kijiji, vyote vinasimama kwa kipande cha mpira.

Na mpira ule ulikaa wapi? Stoo ya mradi, mkoani. Siyo dukani. Hakuna mfanyabiashara wa Masasi mjini aliyeagiza vipuri vya Nira, kwa sababu kuuza kitu kinachogawiwa bure hakuna faida. Mkoa mwingine ukikuta pampu ya Kiholanzi, SWN, nayo ina vipuri vyake, vipimo vyake, stoo yake. Kwingine India Mark II. Kwingine baadaye Afridev. Nilipohamia Kanda ya Ziwa nilikuta fundi wa kijiji hodari, amefundishwa vizuri na mradi, ana sanduku la spana na vipuri, na hakuna hata kipuri kimoja katika sanduku lile ambacho kingefaa pampu za kule nilikotoka. Nchi moja, Idara ya Maji moja, chuo kimoja. Stoo zilikuwa za mataifa.

Mradi ulipofika mwisho, stoo ilikabidhiwa serikalini. Nimeshiriki makabidhiano ya aina hiyo. Kuna hotuba, kuna mbuzi, kuna kadi za stoo zinazosainiwa moja moja. Kadi zilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata safu ya chini ya kila kadi ilikuwa sifuri, kwa sababu hapakuwa na fungu la kununua vingine, na vipuri vilitakiwa kuagizwa kwa fedha za kigeni.

Kuna mikoa iliyobaki bila mwenyewe, na hiyo ina kisa chake. Dodoma ni mkame, na mji wake ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Mpango wa WAMMA, uliounganisha shirika la WaterAid na watu wa maji, maendeleo na afya wa serikali, ulianza kule mwaka 1991. Ni mwaka uleule ambao kwa ahadi ya 1971 maji yalipaswa kuwa yamefika karibu na kila kaya. WAMMA ilifanya kazi nzuri, hasa kwa kuwaketisha maofisa wa idara tatu kwenye gari moja. Lakini watu wa Dodoma walisubiri miaka 20 wakati mikoa mingine ilikuwa kwenye awamu ya pili na ya tatu.

Waswidi waliobaki Ziwa walijaribu kujirekebisha. Mwaka 1985 ulianza mpango wa HESAWA, ukaunganisha maji, vyoo na elimu ya afya, na ukataka kijiji kichangie na kuwa na mfuko wake wa maji. Uliendelea hadi 2002. Kule Mtwara na Lindi, kuanzia 1988, Wafini walileta mpango wa RIPS, ambapo wanakijiji wenyewe walichora ramani ya kijiji chao chini, mchangani, wakasema wanataka nini kwanza. Sera ya Maji ya 1991 ikakubali kwamba maji ya bure hayakuwezekana tena. Sera ya 2002 ikaandika wazi hali yenyewe: karibu nusu tu ya watu wa vijijini ndio waliofikiwa, na zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haifanyi kazi ipasavyo.

Katika miaka ya 1990 ramani ya mikoa ilifutika. Wafadhili waligombana na serikali juu ya misamaha ya kodi, misaada ikasimamishwa mwaka 1994, na tume iliyoongozwa na mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, ikasema mwaka 1995 kwamba pande zote mbili zina kosa na kwamba nchi inapaswa kushika usukani wa maendeleo yake. Kuanzia 2001 fedha nyingi zikaanza kupita katika bajeti ya serikali. Halmashauri, zilizorudishwa miaka ya 1980, zikaanza kupewa ruzuku ya maendeleo mwaka 2004/05 kwa kanuni iliyoandikwa: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa umaskini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Nilifurahi sana nilipoisoma kanuni ile. Kwa mara ya kwanza mtu wa mwisho wa Tunduru alihesabiwa kama mtu wa Moshi. Lakini kulikuwa na masharti: halmashauri yenye hesabu mbovu haikupewa. Na hesabu mbovu mara nyingi ziko pale ambapo mhasibu mzuri hataki kupangiwa.

Kisha ikaja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, mwaka 2007, na ndani yake mradi wa vijiji kumi kwa kila halmashauri. Kila halmashauri ilipata kumi, iwe na vijiji 40 au 150. Iliwaridhisha wabunge wote kwa usawa. Sikubaliani nayo hadi leo. Kugawa sawa kwa wasio sawa ni kumnyima mwenye shida zaidi, na kosa hilo ni la nyumbani, hakuna mgeni aliyetulazimisha. Ramani ya vituo vya maji iliyotengenezwa miaka michache baadaye ilikuta karibu vinne kati ya kila kumi havitoi maji.

Tangu 2019 tuna RUWASA, na maji ya vijijini yametoka mikononi mwa halmashauri kwenda kwa wakala mmoja wa taifa, wenye meneja kila wilaya, na vyombo vya watumia maji vinavyokusanya fedha na kulipa mafundi. Naiunga mkono. Ina nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo, ya kuamua aina mbili au tatu za pampu kwa nchi nzima na kuhakikisha vipuri vinauzwa madukani.

Wafadhili bado wanakuja, na waendelee kuja, nchi haijajitosheleza. Ombi langu ni kwa wenyeviti wa vijiji, madiwani na mameneja wa wilaya wanaokaa nao mezani. Kabla ya kusaini, waulizeni mambo matatu na jibu liandikwe ndani ya mkataba: mpira wa pampu hii utauzwa duka gani wilayani, kwa bei gani, na kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka kitahudumiwa na nani. Asiye na jibu arudi nalo kwanza, ndipo asaini.